Mota Kuukuu na Jiwe la Kunolea

Wengine mmeniuliza kama mota ya mashine kuukuu ya kufulia yafaa kuzungusha jiwe la kunolea majembe. Yafaa, lakini tazameni kwanza: je, ina vipande vya kaboni? Mota ya namna hiyo, ikipewa umeme wote bila mzigo, huenda mbio kupita kiasi. Mimi nilifanya hivyo. Jiwe likapasuka, kipande kikatoboa mlango punde tu baada ya mwanangu kupita. Nilimshukuru Mungu, nikaona haya. Basi, tafuteni mota isiyo na kaboni, yenye mizunguko kama 1,400 kwa dakika. Someni mwendo ulioandikwa juu ya jiwe. Ule wa mota usiuzidi. Lifunikeni kwa bati nene, wala msisahau waya wa ardhi. Tahadhari kabla ya hatari.