Gesi ya AC Haipikiwi, Mbona Inaisha?

Watu wangu wa Mombasa, leo nitawaudhi kidogo. Nitawaudhi mafundi wa AC, halafu nikimaliza nao nitageuka niwaudhi wateja. Kaeni tayari.

Nianze na nyanya yangu. Anakaa Tudor, ghorofa ya tatu, chumba kinachopigwa na jua la jioni. Ana presha, na msimu wa kaskazi ukiingia usiku halali. Anakaa kitandani anajipepea na kipande cha katoni mpaka adhana ya alfajiri. Kwa hivyo watoto wake walichanga, kila mmoja na alichonacho, wakamwekea AC. Mwaka wa kwanza, raha tupu. Mwaka wa pili, Novemba, ikaanza kupuliza upepo wa uvuguvugu kama feni ya matatu.

Akaitwa fundi. Akaja, akaangalia juu, akaweka geji yake kwa ile mashine ya nje, akasema neno moja: "Gesi imeisha." Shilingi 4,500. Ikapoa. Januari ikarudi vile vile. Fundi yule yule, maneno yale yale, 4,500 nyingine. Machi tena. Safari hii 5,000, kwa sababu "gesi imepanda." Hesabu hiyo inafika 14,000 kwa miezi mitano, na nyanya pesa yake ni ile anayotumiwa na watoto. Mwezi ule wa Machi alipunguza dawa, akawa anameza siku moja na kuruka siku moja, na hakumwambia mtu. Mimi nilijua baadaye nilipoona pakiti haijaisha na tarehe imepita.

Siku ile ya tatu nyanya alimtazama fundi akamuuliza, kwa upole kabisa: "Mwanangu, gesi hii yaenda wapi? Mtungi wangu wa jikoni naujua, naupikia. Huu wa juu, nani aupikia?"

Fundi akacheka, akachukua pesa yake, akaenda. Swali halikujibiwa. Leo nalijibu mimi.

Gesi ya AC haiendi popote. Hilo ndilo jambo moja ninalotaka ulibebe hata ukisahau mengine yote. Sisi tunasikia neno "gesi" na akili inaenda moja kwa moja kwa ule mtungi wa kilo 6 pale jikoni, unaotumika mpaka siku moja chapati zinabaki mbichi. Lakini gesi ya kupikia inachomwa. Gesi ya AC haichomwi, inazunguka tu. Kompresa iliyo nje inaisukuma, inapita kwa mabomba ya mashine ya nje ikitema joto, inapita kwa njia nyembamba ikishuka presha na kuwa baridi sana, inaingia ndani kufyonza joto la chumba chako, kisha inarudi kwa kompresa ianze tena. Ni kama damu mwilini. Hakuna mtu anayeambiwa na daktari "damu yako imeisha kwa sababu umeitumia sana mwaka huu." Ukipungukiwa damu, huenda kuna mahali unavuja. Daktari anayekuongeza chupa ya damu kila baada ya miezi miwili bila kutafuta kidonda, huyo utamkimbia.

Kwa hivyo ukiambiwa gesi imepungua, swali la pili ni moja tu: imetokea wapi? Fundi akikosa jibu, hajatengeneza kitu. Amekukodishia baridi ya wiki chache.

Na mara nyingi hata haijapungua. AC isiyopoza ina sababu kibao, na ya kwanza kabisa ni uchafu. Fungua kile kifuniko cha mbele cha mashine ya ndani, utaona wavu mmoja au miwili. Hiyo ndiyo filta. Hewa yote ya chumba inapita hapo. Ikiziba vumbi, hewa haipiti, ile koili iliyo nyuma yake inakosa joto la kufyonza, inashuka chini ya sifuri na kuanza kuganda barafu. Barafu inaziba hewa zaidi. Wewe unaona upepo umekuwa hafifu, unashusha rimoti mpaka 16, mambo yanazidi kuharibika, halafu usiku barafu inayeyuka na kukudondokea kitandani. Ukimuita fundi mvivu atakwambia gesi. Ni kweli pia kwamba gesi ikipungua barafu inaweza kuganda, na ndiyo maana huu uongo ni mtamu: dalili zinafanana. Tofauti inajulikana ukisafisha kwanza, kisha ukapima.

Ndivyo alivyofanya fundi wa pili. Binamu yangu alimtoa Likoni. Huyu alipoingia hakugusa geji. Alimwamkia nyanya, akazima swichi kubwa ya ukutani, akafungua kifuniko. Filta ilikuwa imevaa blanketi la kijivu, nene, unaweza kulikunja. Tangu AC ifungwe, zaidi ya mwaka, hakuna aliyekuwa ameigusa, hata yule aliyekuja mara tatu kuongeza gesi. Akaiosha bafuni kwa maji na sabuni kidogo, akaianika kivulini. Akapiga koili brashi laini, akazibua bomba la maji lililojaa ute. Nje, akaiosha mashine kwa maji matamu ya mfereji, maana hapa kwetu chumvi ya bahari inakula zile pezi nyembamba za alumini mpaka zinabomoka mkononi kama biskuti.

Hapo ndipo akatoa geji. Presha ilikuwa chini kweli. Akachukua povu la sabuni ya vyombo, akapaka kwenye maungio ya mabomba moja moja. Nati ya tatu ikaanza kutoa mapovu. Chini yake kulikuwa na doa la mafuta, dogo tu, la muda mrefu. Mafuta ya kompresa yanazunguka pamoja na gesi, kwa hivyo pale inapovuja mara nyingi huacha alama. Yaani ushahidi ulikuwa hapo siku zote, ukimngoja mtu ainame tu autazame.

Akavuta gesi iliyobaki akaihifadhi kwenye mtungi wake. Akakata ncha ya bomba la shaba, akaitanua upya vizuri, akafunga, akavuta hewa yote kwa pampu karibu nusu saa, akasoma stika ya mashine ya nje inayosema ni gesi aina gani na gramu ngapi, akapima kwa mizani. Kwa mizani, jamani! Kama muuza nyama. Jumla 6,500. Hiyo ni zaidi ya alivyotoza yule mwingine kwa safari moja, lakini kaskazi ya pili hii inapita na AC ya nyanya haijaguswa gesi. Kinachoguswa ni filta tu, na ninaiosha mimi.

Sasa wateja, zamu yenu.

Nilimuuliza yule fundi wa Likoni kwa nini wenzake hawafanyi hivi. Hakuwatukana. Aliniambia: "Kaka, nikimwambia mteja nimeosha tu imepona, ananipa mia tano na kuniuliza kwani nimefanya nini. Nikimwambia nimeweka gesi, analipa elfu nne na ananisindikiza mpaka getini." Akasema kuna siku alitumia saa mbili kutafuta tundu, akaliziba, mteja akakataa kulipa saa zile mbili. Alitaka kulipia kitu kilichowekwa, kitu kipya.

Hiyo iliniuma kwa sababu ni kweli. Sisi hatulipii akili. Hatulipii usafi. Hatulipii mtu kutwambia "hapa hakuna shida." Tunalipia kipuri, mtungi, kitu cha kushika. Fundi amejifunza lugha yetu, na kwa lugha yetu "gesi" maana yake ni "nilipe vizuri." Uongo huu tumeulea wenyewe, kila tunapobisha bei ya ukweli na kulipa bei ya uongo bila kubisha.

Msimamo wangu ni huu: fundi alipwe kwa kutafuta tatizo. Mkubaliane kabla hajafungua begi. Pesa fulani ya kuja na kukagua, hata akikuta ni uchafu tu. Ukimlipa mtu kusema ukweli, hana sababu ya kukuuzia gesi. Na ukiwa na nafasi ya kuchagua, chagua aliyesomea kazi yake, mwenye cheti cha NITA au cha chuo, mwenye pampu na mizani. Hivyo vifaa ni ghali na yeye anastahili kuvirudisha.

Najua kuna atakayesema: wewe unaongea mambo ya matajiri, watu hawana chakula wewe unalilia AC. Sawa. Lakini njoo Mombasa mwezi wa tatu, chumba cha bati au cha zege kisicho na dirisha la upande wa pili, ukae na mgonjwa wa presha au mtoto mchanga, halafu uniambie tena. Isitoshe, anayeumizwa na hii biashara si tajiri. Tajiri ana kampuni inamhudumia. Anayeumia ni nyanya, ni mwenye duka dogo la dawa, ni kinyozi, ni yule aliyechangiwa.

Na kuna mtu mwingine anayelipa bila kujua: sisi wote. Gesi inayovuja inapanda angani. Mashine nyingi zilizo ukutani kwetu zina R410A, ambayo kilo moja yake inapasha dunia joto kuliko kilo elfu mbili za hewa ya kaboni. Gramu 700 zikitoroka, ni sawa na kuchoma zaidi ya lita 600 za petroli. Nyanya yangu hana hata pikipiki. Zile za zamani zenye R22 zinaharibu pia tabaka la ozoni, ndiyo maana nchi zilikubaliana Montreal mwaka 1987 kuanza kuachana na gesi za namna hiyo, kisha Kigali mwaka 2016 zikakubaliana kupunguza na hizi zilizofuata. Halafu sisi tunakaa tukiongezea mashine inayovuja, tunatoa joto nje ili tujipoze ndani.

Kuna hatari nyingine pia. Mashine mpya nyingi zinakuja na R32, ambayo inaweza kushika moto, ingawa si kwa urahisi. Chache zina R290, na hiyo ni propani, ndugu wa gesi ya jikoni kabisa. Fundi wa "weka tu chochote" akichanganya gesi, au akichomelea bomba kabla ya kutoa iliyomo, mnaweza kulia. Kabla hajafungua mtungi, msomeshe ile stika ya nje. Majina yasipofanana, asimame hapo hapo.

Basi ufanye nini wewe mwenyewe? Si mengi. Zima umeme wa AC, toa filta, ioshe kila wiki mbili au tatu kama unaitumia kila siku, ikauke ndiyo uirudishe. Weka rimoti kati ya 24 na 26 na uwashe feni ya dari. Kuweka 16 hakuharakishi baridi, kunaharakisha tokeni. Hakikisha maji yanatoka nje, maana yakidondoka ndani bomba limeziba. Mashine ya nje imwagie maji matamu kila baada ya miezi michache, kwa presha ndogo, si ile mashine ya kuoshea magari inayokunja pezi zote. Weka kifaa cha kulinda voltiji, kwa sababu stima yetu ikirudi hurudi na hasira. Mara moja kwa mwaka, kabla ya kaskazi, lipa fundi aosha koili.

Yanayobaki usiyaguse. Mashine ya nje ikinguruma na isianze, huenda ni kapasita, na hiyo huweka umeme ndani hata baada ya kuzima. Muite mwenye kazi. Na akipanda ghorofa ya tatu kufika huko nje, muulize mkanda wake uko wapi kabla ya kumuuliza bei.

Nyanya sasa amekuwa mwalimu wa jengo. Jirani wa ghorofa ya nne alikuja kulalamika kwamba ameambiwa gesi imeisha. Nyanya hakumwacha amalize. Alimuuliza, "Umeipikia nini?"

Wewe umelipia gesi mara ngapi kwa AC hiyo hiyo moja? Andika idadi hapo chini. Na kabla ya kuandika, nenda kafungue kile kifuniko uone filta yako iko vipi.