Kasha: Kazi mpya ianzie kwenye kile unachokijua

M23 walipoingia Bukavu Februari 2025, benki zilifunga milango na wengi wakapoteza kazi. Hapa Kasha, katika komini ya Bagira, wengi wana jibu lilelile: kununua pikipiki au kuuza uniti, kwa sababu jirani amefanya hivyo. Kwa maoni yangu, huko ndiko makuta yetu machache yanakopotelea.

Kabla ya kuchagua kazi mpya, jiulize: watu wanakuja kwangu kuomba msaada gani? Mwalimu anayewapigia majirani hesabu za faida na hasara tayari anaweza kushika vitabu vya duka. Mama ambaye mboga zake hazikauki hata jua likiwa kali anaweza kuotesha miche ya kuuza.

Daktari Denis Mukwege, mtoto wa Bukavu, alitaka kutibu watoto. Kule Lemera akaona akina mama wakifa wakati wa kujifungua, akaenda Ufaransa kusomea magonjwa ya wanawake. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi. Hakuacha udaktari, aliupeleka pale ulipohitajika zaidi.

Najua, tumbo halingoji. Basi usiache kibarua kinacholeta unga leo. Lakini kila wiki tafuta siku moja ukajifunze kwa fundi, kabla ya kukopa hata faranga moja. Kama baada ya miezi mitatu kazi hiyo bado inakupendeza, hata siku za jasho, hapo ndipo uweke makuta yako.