Mkilifi wa Chupani na Haki ya Mwenyeji

Mwakirunge wengi huijua kwa jaa la taka. Mimi naijua kwa mikilifi yake, ile ambayo wengine huiita miarobaini. Mtoto akiwashwa na ngozi, majani huchumwa, yakachemshwa, akaogeshwa.

Leo mti huo huo wataalamu wanauotesha chupani. Kipande cha jani husafishwa, kikatiwa jeraha, kikaambukizwa bakteria wa udongo. Bakteria huyo hupenyeza jeni zake ndani ya chembe za mti, na pale penye jeraha ikachipuza mizizi myembamba kama nywele. Mizizi hiyo hukua katika maji yenye sukari na madini, bila ya udongo, ikatoa azadiraktini, ile sumu ya wadudu iliyomo katika mbegu za mkilifi.

Wako waulizao: je, huku si kuingilia kazi ya Muumba? Mimi si mufti. Fatwa nawaachia wanazuoni. Lakini tangu chuoni tulifunzwa kuwa Mola hakuleta maradhi ila ameyaletea na dawa. Kuitafuta si kosa. Kosa naliona kwenye dhulma.

Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliipa serikali ya Marekani, pamoja na kampuni ya W. R. Grace, haki ya peke yao juu ya dawa ya kuua kuvu itokanayo na mafuta ya mti huu. Vandana Shiva wa India na wenziwe wakapinga. Mwaka 2000 hataza ikafutwa, baada ya kuletwa ushahidi kwamba njia ile ilikwisha kutumika India. Mwaka 2005 rufani nayo ikaanguka.

Je, sisi tutaleta ushahidi gani? Mti asili yake ni Bara Hindi, lakini tunavyoutumia hapa ni ujuzi wetu, nao umo vichwani mwa bibi zetu. Kila jeneza lichukuliwalo makaburini huenda na kitabu kisichoandikwa.

Kenya inayo sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi, nayo imezipa kaunti kazi ya kuyasajili. Basi Kaunti ya Mombasa na itume makarani Mwakirunge, waandike mti, matumizi yake na jina la mwenye kujua, kwa ridhaa yake, kabla maabara haijatangulia.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni amekwisha kuja na chupa yake. Mwenyeji naye apone.