Mwenye Kuhukumu na Asikilize Kwanza

Katika nyumba nyingi za Ediofe na mitaa mingine ya Arua, redio ikitangaza habari ya mauaji, mazungumzo ya jioni huishia kwenye swali moja: aliyeua, naye auawe? Wengine huongeza kwamba jambo hili wangeachiwa wananchi waliamue kwa kura. Kwa kuwa maneno hayo husemwa mbele ya watoto, yafaa wazazi wayajue vizuri.

Ziko nchi zilizolipigia kura. Huko Marekani, wapiga kura wa jimbo la California waliulizwa mwaka 2012, na tena mwaka 2016, kama wanataka kuifuta adhabu ya kifo. Mara zote mbili wengi walikataa. Katika jimbo la Nebraska, baraza la kutunga sheria liliifuta mwaka 2015, na mwaka uliofuata wapiga kura wakairudisha. Sisi wa Uganda tulipiga kura ya maoni mwaka 2000 na mwaka 2005, lakini zote mbili zilihusu mfumo wa siasa na vyama. Juu ya kitanzi, wananchi walitoa maoni yao mbele ya Tume ya Katiba iliyoongozwa na Jaji Benjamin Odoki. Katiba ya mwaka 1995 iliibakiza adhabu hiyo kwa sharti: Ibara ya 22 inataka kesi ya haki, na hukumu ithibitishwe na mahakama ya mwisho ya rufaa.

Badiliko kubwa lilikuja kwa njia ya mahakama. Zamani, aliyepatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia alihukumiwa kifo, basi. Jaji hakuwa na hiari. Mwaka 2003 wafungwa zaidi ya mia nne waliokuwa wakingoja kunyongwa, Susan Kigula akiwa wa kwanza katika orodha, waliishtaki Serikali. Mahakama ya Katiba ilitoa uamuzi wake mwezi Juni 2005, na Mahakama ya Juu ikauthibitisha tarehe 21 Januari 2009. Adhabu yenyewe haikufutwa. Kilichofutwa ni ulazima wake. Tangu siku hiyo jaji hana budi kusikiliza kwanza: mtu huyu ni nani, alitenda katika hali gani, ana lipi la kujitetea. Tena, aliyengoja zaidi ya miaka mitatu baada ya rufaa yake ya mwisho, adhabu yake hugeuka kifungo cha maisha.

Kigula alihukumiwa upya, akapewa kifungo cha miaka. Alisomea sheria akiwa gerezani, na mwaka 2016 akaachiliwa. Wale watu 28 walionyongwa Luzira mwezi Aprili 1999 hawakuipata nafasi hiyo. Maji yakimwagika hayazoleki.

Lakini iko adhabu ya kifo isiyopita mahakamani. Mtu hupaaza sauti sokoni, "Mwizi!", na kabla ya kuulizwa ameiba nini, mawe yamekwisha kurushwa. Sheria ya Uganda haimnyongi mwizi wa kuku, umati humwua. Jaji aliyesoma miaka mingi amekatazwa kuua bila kusikiliza. Sisi tumeipata wapi ruhusa hiyo? Wazee wetu wanaikumbuka Ombaci, hapa jirani, ambako tarehe 24 Juni 1981 askari waliwaua raia waliokimbilia misheni. Hapakuwa na kesi wala hakimu. Watu waliofiwa namna hiyo wasingepaswa kuifundisha mikono ya watoto wao kazi ile ile.

Basi elimu hii ianzie jikoni. Watoto wawili wakivunja chungu, mmoja kwa utundu na mwingine kwa kujikwaa gizani, mama mwenye busara hawachapi kwa fimbo moja. Huuliza kwanza. Baba naye asimwadhibu mtoto kwa neno la jirani tu. Mtoto aliyezoea kusikilizwa nyumbani atasita kuokota jiwe sokoni.

Na ukimkuta mshukiwa amekamatwa, mwite mwenyekiti wa kijiji au mpelekeni kituo cha polisi akiwa mzima. Kama ana hatia, hakimu atamwambia. Kama hana, mtakuwa mmemwokoa yeye, na mmejiokoa nanyi.