Zao Moja Halitoshi: Habari za Jimbo la Ngano



Mwezi huu nataka tuitazame nchi ya mbali, ili tupate kuiona vizuri zaidi hii tunayoikanyaga. Huko Kanada liko jimbo liitwalo Saskatchewan. Ukilitazama katika ramani utaliona kama ubao wa mlango, kwa maana mipaka yake yote minne ni mistari iliyopigwa na watu. Si mto wala si mlima unaolitenga na majirani zake. Sehemu zake za kusini ni tambarare, na huko ndiko kwenye ngano.

Jimbo hilo liliundwa mwaka 1905. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 651,000, na Kaunti yetu ya Meru ni kama 7,000 tu. Yaani ungeweza kuzipanga Meru 90 ndani yake na nafasi ikabaki. Lakini katika hesabu ya watu ya mwaka 2021 jimbo zima lilikuwa na watu 1,132,505, na Meru, katika hesabu ya mwaka 2019, ilikuwa na watu 1,545,714. Kwa ardhi wametupita mbali. Kwa watu sisi tumewapita.

Pengine utauliza, "Habari hizi zanifaa nini mimi wa Laare, mwenye eka mbili za miraa?" Zakufaa, ndugu yangu. Ngoja nikueleze.

Wakulima wengi wa jimbo hilo walianza kama walivyoanza wenzetu wa skimu za makazi, yaani kwa kupewa ardhi yenye masharti. Sheria ya Kanada ya mwaka 1872 ilimpa mtu eka 160 kwa ada ya dola 10, mradi akae hapo, ajenge nyumba, na alime sehemu ya shamba katika muda wa miaka mitatu. Wenyeji wa asili, Wakree na wengineo, walikuwa wamesukumwa katika maeneo waliyotengewa. Jambo hilo halihitaji maelezo mengi kwa msomaji wa Kenya.

Wageni hao walilima ngano, na bei ilipokuwa nzuri wakalima zaidi. Mwaka 1924 walikuwa na chama kikubwa cha ushirika cha kuuza ngano pamoja, wasidanganywe na wafanyabiashara. Walikuwa watu wa bidii, wenye ardhi kubwa na ushirika imara. Walikosa jambo moja tu: hawakuwa na zao la pili la kutegemea.

Kuanzia mwaka 1929 bei ya ngano ikaanguka duniani kote. Chama chao chenyewe kikaingia katika madeni. Kisha ukaja ukame wa miaka ya 1930. Udongo uliokuwa umelimwa na kuachwa wazi ukapeperushwa na upepo, mchana ukawa kama jioni kwa vumbi. Mwaka 1937 mavuno yalikuwa mabaya kupita yote waliyoyajua. Maelfu ya jamaa walifunga mizigo wakahama. Eka 160 hazikumwokoa mtu ambaye matumaini yake yote yalikuwa katika gunia la aina moja.

Sasa turudi kwetu. Mwezi Juni 2014 Uingereza ilipiga marufuku miraa. Mwezi Machi 2020 soko la Somalia likafungwa, na halikufunguliwa tena mpaka Julai 2022. Mvua haikuwa na kosa, udongo haukuwa na kosa, wala mkulima hakulala. Mlango ulifungwa mbali, na mtu wa Laare akabaki na zao ambalo likikaa siku chache halina thamani. Ngano angalau hukaa ghalani. Miraa haingoji mtu.

Najua jibu la wengi. Watasema miraa ndiyo iliyosomesha watoto na kujenga nyumba za mawe, na ya kwamba hakuna zao jingine linalotia fedha mkononi upesi hivyo. Ni kweli, nami sisemi mtu ang'oe miraa yake. Nasema hivi: wazee waliotuachia mbaine walikuwa na akili kuliko sisi. Wao walipanda miraa katikati ya chakula, na mahindi, maharagwe na viazi vikuu vilikuwa humo humo shambani. Sisi ndio tuliofyeka chakula tukajaza miraa kutoka mpaka hadi mpaka, kisha tukaenda sokoni kununua unga.

Watu wa Saskatchewan walijifunza kwa machozi. Tangu mwaka 1935 serikali yao iliwasaidia kuzuia udongo, kupanda miti ya kukinga upepo na kuchimba mabwawa. Baadaye waliongeza mazao mengine. Leo, pamoja na ngano, wanalima mbegu za mafuta, na kamande zao huuzwa nchi nyingi. Nao wana msimu mmoja tu kwa mwaka, kwa sababu ya baridi kali: wanapanda Mei, na kuanzia Agosti wanavuna. Wewe una mvua mbili, za Machi na za Oktoba. Mwenye msimu mmoja ameweza kuongeza mazao. Mwenye misimu miwili atatoa udhuru gani?

Basi shauri langu ni hili. Toa sehemu ya shamba iwe ya chakula cha nyumbani, wala usiiguse hata bei ya miraa ikipanda. Toa sehemu nyingine iwe ya zao la pili la fedha, kama kahawa, parachichi au makadamia, au majani ya ng'ombe wa maziwa, kwa kadiri ya mwinuko na maji yako. Mwulize bwana shamba kabla ya kununua miche. Ila ujihadhari na jambo moja: usiitoe miraa yote ukajaza parachichi tupu. Hapo utakuwa umebadili jina la zao tu, na hatari ni ile ile.

Tembea shambani mwako sasa, uhesabu ni mazao mangapi yanayokuletea fedha. Kama ni moja, anza na mashimo ya miche kumi.