Nagasaki: Mji wa Waliokanyaga



Juma hili tunaomba tutoke kidogo nje ya mipaka ya parokia yetu, twende hadi Japani. Wapo waamini wetu wachache ambao masomo au biashara huwafikisha huko, na karibu wote, wakipata siku mbili tatu za mapumziko, hukimbilia Kyoto kutazama mahekalu na bustani zake. Hatuwalaumu, kwani uzuri ni uzuri popote ulipo. Hata hivyo, Mkatoliki anayevuka bahari zote zile na kurudi bila kuuona mji wa Nagasaki amepita mbele ya nyumba ya ndugu zake bila kubisha hodi.

Nagasaki umo katika kisiwa cha Kyushu, magharibi kabisa mwa nchi, kando ya ghuba nyembamba iliyozungukwa na vilima. Nyumba zimepanda vilima hivyo kama ngazi. Ndani ya mji husafiriwa kwa tramu, magari ya umeme yapitayo juu ya reli katikati ya barabara, nayo humfikisha mgeni karibu kila mahali anapotaka kwenda. Wauzaji wa safari hupanga ziara ya siku moja: asubuhi Bustani ya Amani, mchana nyumba za kale za wafanyabiashara wa Kizungu, jioni kilele cha mlima Inasa kutazama taa za bandari. Picha zitakuwa nzuri sana. Ushauri wetu ni siku tatu, viatu vya kutembelea, na kuutembea mji kwa kufuata mpangilio wa historia yake badala ya mpangilio wa vituo vya tramu.

Mtakatifu Fransisko Ksaveri, yule yule aliyetua Malindi katika pwani yetu ya Afrika Mashariki mwaka 1542 akielekea Goa, alifika Japani tarehe 15 Agosti 1549. Bandari ya Nagasaki ilifunguliwa kwa meli za Wareno mwaka 1571, na mwaka 1580 mtawala wa eneo hilo, Omura Sumitada, ambaye alikuwa amebatizwa, aliikabidhi mikononi mwa Wajesuiti. Tuseme wazi: haikuwa busara Injili na hariri kusafiri katika meli moja na kushuka katika gati moja. Wakubwa wa Japani walianza kumwona kila mmisionari kuwa mtangulizi wa askari, na matunda ya shaka hiyo yalikuwa machungu. Atakayezuru Dejima, kisiwa kidogo kilichojengwa kwa mikono ya watu na kukamilika mwaka 1636 ili kuwafungia Wareno humo, ataelewa. Wareno walifukuzwa mwaka 1639. Miaka miwili baadaye waliwekwa Waholanzi, ambao walifanya biashara bila kuhubiri, na wakakaa humo kwa zaidi ya karne mbili. Leo kisiwa kimezungukwa na ardhi iliyojazwa baharini, na majengo yake yamejengwa upya kwa ustadi. Saa moja inatosha hapo.

Kilima cha Nishizaka, karibu na kituo kikuu cha treni, hudai muda zaidi. Hapo, tarehe 5 Februari 1597, walisulubiwa wafiadini 26: Wafransiskani sita, Wajesuiti watatu, na walei 17. Walikuwa wamekatwa sehemu ya sikio la kushoto mjini Kyoto, kisha wakatembezwa katika baridi kali hadi Nagasaki, safari ya takriban mwezi mzima, ili kila mji watakaopita uogope. Mdogo wao, Ludovico Ibaraki, alikuwa na umri wa miaka 12. Mmoja wao, Paulo Miki, alihubiri akiwa msalabani. Papa Pius wa Tisa aliwatangaza watakatifu mwaka 1862, nasi tunawakumbuka kila tarehe 6 Februari. Mnara wao wa kumbukumbu ulisimamishwa mwaka 1962, nao huonyesha wote 26 wamepangwa mstari mmoja, miguu ikielekea chini kama watu wanaopaa. Tulikaa mbele yake muda mrefu, na tungemshauri kila mmoja afanye vivyo hivyo.

Mahujaji wengi, baada ya kusali Nishizaka, hupiga picha na kuhesabu kwamba wameiona Nagasaki ya Kikatoliki. Kwa maoni yetu, wameiona nusu yake, tena ile nusu iliyo rahisi kupendwa. Mfiadini humwinua mtazamaji. Nani atawazungumzia wale ambao hawakufa?

Amri ya kupiga marufuku Ukristo katika nchi nzima ilitolewa mwaka 1614. Makanisa yalibomolewa, mapadre walifukuzwa, waliobaki mafichoni waliwindwa hadi wakaisha. Kisha wakubwa wakabuni fumie: picha ya Kristo msulubiwa au ya Bikira Maria, iliyowekwa chini ili kila mtu aikanyage mbele ya maofisa. Mjini Nagasaki jambo hilo lilifanyika kila mwanzo wa mwaka, nyumba kwa nyumba, wazee kwa watoto, hadi miaka ya 1850. Baadhi ya mabamba hayo yamesalia katika makumbusho. Nyuso zake zimelainika, pua na macho karibu havionekani tena, kwa wingi wa nyayo. Mwandishi Mkatoliki Endo Shusaku aliona bamba la namna hiyo mjini humo, lenye alama ya vidole vya miguu pembezoni mwake, na kutokana na alama hiyo ikazaliwa riwaya yake ya Ukimya, iliyochapishwa mwaka 1966.

Tujiulize basi: ni nyayo za nani zile? Nyingi ni za watu wasioujua Ukristo kabisa. Lakini nyingine ni za Wakristo. Wale waliokataa kukanyaga walikufa, na ukoo wao ukakatika. Wale ambao tunaambiwa waliificha imani kwa miaka 250 bila padre hata mmoja walikuwa, kwa sehemu kubwa, watu waliokanyaga kila mwaka, wakarudi nyumbani, wakafunga milango, wakatubu. Walikuwa na kitabu kidogo kilichotungwa mwanzoni mwa karne ya 17, kabla mapadre hawajaisha, kilichofundisha majuto kamili kwa mtu asiyeweza kumpata padre wa kumwungamia. Majuto hayo waliyaita konchirisan, neno la Kireno lililopita katika vinywa vya Kijapani. Waliisali sala hiyo kwa kunong'ona, mwaka baada ya mwaka. Hata kazi walikuwa wamegawana: mmoja alitunza kalenda na kuwatangazia wenzake sikukuu za Kanisa, mwingine alibatiza, mwingine alipeleka habari nyumba kwa nyumba. Wenye jumuiya ndogo ndogo wataitambua mara moja picha hiyo.

Hatusemi kwamba kukanyaga hakukuwa kosa. Wao wenyewe hawakusema hivyo. Ndiyo maana walitubu. Wala hatutaki mtu yeyote aupunguze utukufu wa wale 26. Tunachosema ni kwamba imani ilifika hadi mwaka 1865 kwa mikono ya walioanguka na kuinuka, na haifai kuzuru mji wao bila kuwaheshimu. Kanisa la Afrika lilikwisha kukutana na swali hili zamani sana. Katika dhuluma ya Kaisari Decius, mwaka 250, Wakristo wengi wa Karthago walitoa sadaka kwa miungu au walinunua hati za kuonyesha kuwa wametoa. Walipotaka kurudi, wapo waliosema mlango ufungwe kabisa, na wapo waliotaka ufunguliwe bila sharti lolote. Askofu SiprianI na maaskofu wenzake, mwaka 251, walichagua njia ngumu zaidi: warudi, lakini kwa toba.

Sasa twende Oura, upande wa kusini wa mji. Kanisa la Oura lilijengwa na wamisionari Wafaransa kwa ajili ya wageni waliokaa bandarini, likatabarukiwa tarehe 19 Februari 1865 kwa heshima ya wafiadini 26. Mnamo tarehe 17 Machi, kundi la wanakijiji kama 15 kutoka Urakami lilisimama mlangoni. Padre Bernard Petitjean akawafungulia, akapiga magoti. Mwanamke mmoja akamsogelea na kumnong'oneza kwamba moyo wao ni sawa na wake, kisha akauliza sanamu ya Bikira Maria iko wapi. Sanamu ile ipo hadi leo. Kanisa lenyewe sasa hutembelewa zaidi kama hazina ya taifa, na tangu mwaka 2018 limo katika orodha ya urithi wa dunia pamoja na maeneo mengine ya Wakristo waliojificha. Kupiga picha ndani hairuhusiwi, jambo tunalolishukuru, maana angalau humo watu hutumia macho yao.

Sheria ilikuwa bado haijabadilika. Mwaka 1867 viongozi wa Wakristo wa Urakami walikamatwa usiku. Chini ya mateso karibu wote walisalimu amri. Aliyesimama imara ni Takagi Senemon. Waliporudi kijijini wakimwona yeye, wengi wao waliona haya, wakarudi kwa maofisa kufuta maneno yao. Kisha kijiji kizima, watu zaidi ya 3,300, kilihamishwa kwa nguvu na kutawanywa sehemu mbalimbali za nchi. Zaidi ya 600 walifia uhamishoni. Wapo walioshindwa tena, na wapo walioshikilia hadi mwisho, na ilipofika mwaka 1873, marufuku ilipoondolewa, walirudi wote pamoja katika mashamba yaliyogeuka vichaka.

Wakanunua kiwanja. Kilikuwa kiwanja cha yule mkuu wa kijiji, mahali pale pale ambapo wazazi wao, na wazazi wa wazazi wao, walikuwa wakiitwa kila mwaka kukanyaga picha ya Bwana. Juu yake walianza kujenga kanisa mwaka 1895, kwa matofali na kwa umaskini wao, wakalimaliza mwaka 1914, na minara yake mwaka 1925. Tulipoambiwa habari hiyo tukiwa tumesimama mbele ya kanisa la Urakami, tulitazama chini kwanza kabla ya kutazama juu.

Tunawafikiria wengi hapa kwetu. Wapo waliokwenda kwa mganga mtoto alipozidiwa, wakaona aibu kurudi katika jumuiya. Wapo walioishi miaka katika ndoa isiyobarikiwa, husimama nje karibu na dirisha wakati wa Misa na kuondoka kabla ya matangazo. Wapo waliohamia kwingine kwa hasira, na hasira imekwisha, lakini wanaogopa macho ya walio katika mabenchi ya mbele. Tunasikia yanayosemwa juu yao baada ya Misa, na mara nyingine yanasemwa na watu wenye nyadhifa katika Kanisa. Watu wa Urakami wasingepita katika mizani hiyo. Lau kama Padre Petitjean angewauliza kwanza ni nani kati yao amewahi kukanyaga, sijui kama angebaki na mtu mlangoni.

Kanisa lile la matofali halipo tena. Tarehe 9 Agosti 1945, saa 5 na dakika 2 asubuhi, bomu la atomiki lililipuka juu ya Urakami, takriban mita 500 tu kutoka kanisani. Watu wapatao 74,000 walikuwa wamekufa kufikia mwisho wa mwaka huo. Kati ya Wakatoliki 12,000 hivi wa Urakami, takriban 8,500. Ndani ya kanisa walikuwamo mapadre wawili na waamini waliokuja kuungama, wakijiandaa kwa sherehe ya Kupalizwa Mbinguni kwa Bikira Maria. Walifia katika toba, kama walivyoishi wazee wao katika toba. Kanisa la sasa lilijengwa upya mwaka 1959. Chini ya kilima bado limelala kuba la mnara mmoja, pale lilipoangukia, na ndani kimehifadhiwa kichwa cha sanamu ya Bikira Maria kilichookolewa katika kifusi, macho yake yakiwa mashimo meusi.

Kengele zilikuwa mbili. Moja ilipatikana nzima chini ya kifusi na kulia tena Noeli ya 1945. Ya pili ilivunjika, na mnara wake ukakaa mtupu miaka 80. Mwaka 2025 Wakatoliki wa Marekani, nchi iliyolidondosha bomu lile, walichanga fedha wakatengeneza nyingine, na tarehe 9 Agosti mwaka huo, saa ile ile, zililia zote mbili. Atakayebahatika kuwa mjini siku hiyo afike Urakami mapema, maana watu ni wengi na kivuli ni kidogo. Na kama ana dhambi ya kuungama, aungame hapo.