Onyo la Kompyuta: Mlinzi Asifukuzwe Lindoni

Ni jioni katika kambi ya polisi ya Nsambya, mjini Kampala. Afande yu kazini, na mama wa nyumba amekaa mbele ya kompyuta ya jamaa, mashine kuukuu iendeshwayo na Linux ya aina ya Ubuntu (jina ambalo Baganda hulielewa bila mkalimani, kwani kwao utu ni obuntu). Ataka kutazama akiba iliyoko benki kabla ya kulipa karo. Mchana kijana wao alikuwa akiisasisha mashine hiyo, umeme ukakatika kazi ikiwa nusu. Sasa kila tovuti aifunguayo yaleta onyo kwamba cheti chake cha usalama hakikubaliki. Chini ya onyo pana kitufe cha kuendelea mbele, na kidole kimekwisha kukielekea.

Asikibonyeze, hasa ikiwa mbele yake kuna fedha.

Askari yeyote aijua kazi ya mlinzi wa zamu langoni. Ajapo mgeni, mlinzi hutazama katika kitambulisho jina, tarehe na sahihi ya mkubwa aliyekitoa. Kivinjari nacho hufanya vivyo hivyo. Tovuti ya benki huonyesha cheti. Kivinjari huhakikisha kwamba jina ni la tovuti iliyoombwa, kwamba muda wa cheti umeanza na haujakwisha, na kwamba aliyetia sahihi yumo katika daftari la wanaoaminiwa. Wakazi wa Kampala hawana haja ya kuelezwa kwa nini sahihi zipekuliwe. Nasser Road, mtaa wa wapiga chapa, umevuma miaka mingi kwa vyeti vya kughushi.

Mtandaoni pia vyeti hughushiwa. Mwaka 2011 wahalifu waliingia katika mitambo ya DigiNotar, kampuni ya Uholanzi iliyokuwa ikitoa vyeti hivyo, wakajitengenezea cheti cha uongo chenye jina la Google. Kikatumika kuwapeleleza watu wa Iran waliodhani kwamba wanasoma barua zao kwa siri. Kabla ya mwisho wa Septemba mwaka huo kampuni ilikuwa imefilisika.

Hata hivyo, maonyo mengi hayatokani na wezi. Ikiwa tovuti moja tu ndiyo inayokataliwa, ashukiwe mwenye tovuti. Zikikataliwa zote kwa pamoja, mshukiwa wa kwanza ni saa ya kompyuta. Ndani ya mashine mna betri ndogo kama sarafu, aghalabu ya namba CR2032, iendeshayo saa wakati mashine imezimwa. Betri hiyo ikifa, umeme ukatikapo saa hurudi nyuma, pengine miaka kadhaa, na cheti kilichotolewa mwezi uliopita huonekana kama hakijazaliwa. Mlinzi aliyepotewa na tarehe humkataa hata mkuu wa kambi! Kwa kawaida Ubuntu huisahihisha saa yake kutoka mtandaoni, lakini huduma hiyo ikiwa imezimwa, kosa hubaki.

Dawa yake si ngumu. Katika dirisha la amri na iandikwe timedatectl, kisha zitazamwe siku, mwaka na jina la majira, ambalo hapa ni Africa/Kampala. Ikiwa si sahihi, amri ya sudo timedatectl set-ntp true huirudisha huduma ya saa. Kosa likirudi kila mashine izimwapo, inunuliwe betri mpya.

Saa ikiwa sawa, lipekuliwe daftari. Hapa wengi hukosea, kwa kuwa madaftari ni mawili. Firefox hubeba lake lenyewe, ilhali programu nyingine nyingi, kama wget, hutegemea lile la mfumo, liitwalo ca-certificates. Basi Firefox ikifungua tovuti ambayo wget yaikataa, huenda daftari la mfumo ndilo lenye kasoro. Kazi iliyokatizwa na umeme humalizwa kwa sudo dpkg --configure -a. Baadaye hufuata sudo apt update na sudo apt install --reinstall ca-certificates.

Mashine ambazo hazikusasishwa kwa muda mrefu zina msiba wao. Tarehe 30 Septemba 2021 ulikwisha muda wa cheti kikuu cha zamani, DST Root CA X3, kilichokuwa kikizidhamini tovuti nyingi mno zilizopewa vyeti na shirika la Let's Encrypt. Siku hiyo mashine kuukuu ulimwenguni zikaanza kuzikataa tovuti halali, kwa kuwa mdhamini mpya hakuwamo katika madaftari yao.

Lipo jambo moja zaidi. Mtandao wa bure wa hoteli au mkahawa huweza kuleta onyo kama hilo kabla mgeni hajajiandikisha. Hapo neno la siri la benki lisiandikwe kabisa. Na ikiwa nyumbani saa ni sawa na daftari ni jipya, lakini benki bado yakataliwa, ijaribiwe kwa simu yenye mtandao mwingine. Ikikataliwa huko pia, benki ipigiwe simu kwa namba iliyo kwenye kadi.

Kule Nsambya, mama aliondoa kidole akamwita kijana. Saa ya mashine ilikuwa nyuma kwa miaka minne. Walipoirekebisha, benki ikafunguka, na karo ikalipwa usiku ule ule.